Si nyekundu, si buluu: rangi ya habari ni ya pesa

Ukitaka kumwelewa mtu anayekusomea habari saa moja jioni, usimwangalie usoni. Angalia nyuma yake. Nani alinunua kile kiti anachokalia? Nani analipa stima ya ile studio? Na nani akikasirika leo, mshahara wa yule mtangazaji utachelewa mwezi ujao?

Wengi wetu tumezoea kubishana juu ya sura. Kwenye matatu, kwenye kibanda cha chai, kwenye kundi la WhatsApp la familia, stori ni ileile: huyu ni wa serikali, yule ni wa upinzani, ile stesheni ilinunuliwa kitambo. Ni gumzo tamu, lakini halitupeleki mbali. Mtangazaji anampenda nani si hoja kubwa. Hoja ni hii: akisema ukweli leo jioni, nani atapoteza pesa?

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo usingoje nadharia za mawasiliano hapa. Hii ni hesabu ya dukani tu. Na mahali ilipofanywa hadharani kuliko kwingine kote ni Marekani, mahakamani, katika kesi iliyomgharimu mwenye kituo dola milioni 787.5.

Tuanze na biashara yenyewe. Kule Marekani, vituo vya habari vya saa ishirini na nne vilikua kupitia runinga ya kebo. Familia inalipa kila mwezi na kupewa furushi la chaneli. Hii tunaielewa vizuri kwa sababu ya DStv: wewe unataka mpira wa Uingereza peke yake, lakini pesa zako zinalipia pia chaneli za mapishi na katuni ambazo hujawahi kufungua. Kila kituo kinapata mgao wake kwa kila nyumba iliyounganishwa, mtu atazame asitazame. Juu ya hapo kuna pesa za matangazo ya biashara.

Sasa fikiria kama mwenye duka. Kama unalipwa hata na wasiokutazama, huhitaji kupendwa na nchi nzima. Unahitaji watu milioni chache tu ambao hawabanduki, watu ambao kituo chako kikiondolewa kwenye furushi watapiga simu na kumtukana mtu wa kebo. Unahitaji mashabiki, kama timu ya mpira. Na shabiki, kama unavyojua, hataki kuambiwa kwamba bao la timu yake lilikuwa la kuotea.

CNN ilianzishwa na Ted Turner mwaka wa 1980. Mwaka wa 1996 wakaja washindani wawili. MSNBC ilianzishwa na Microsoft pamoja na NBC, na wakati huo NBC ilikuwa mali ya General Electric, kampuni inayotengeneza, pamoja na mambo mengine, injini za ndege za kivita. Fox News ilikuwa ya Rupert Murdoch, na aliyepewa usukani ni Roger Ailes, mtu aliyewahi kuwapigia debe Richard Nixon, Ronald Reagan na George Bush mkubwa wakitafuta urais. Miaka ikapita, kila kituo kikapata boma lake. Fox ikawa ya wafuasi wa Republican, ambao rangi yao ni nyekundu. MSNBC ikawa ya wafuasi wa Democrat, ambao rangi yao ni buluu.

Basi ikafika usiku wa uchaguzi, Novemba 3, 2020. Dawati la hesabu la Fox likatangaza kabla ya wenzao wote kwamba Joe Biden ameshinda jimbo la Arizona. Tofauti ya kura ilikuja kuwa finyu sana, kama 10,000 hivi, lakini dawati lilikuwa sahihi. Kwa mwanahabari, hiyo ni siku ya kupewa zawadi. Fox ilikuwa siku ya msiba. Watazamaji walikasirika, Donald Trump akawachochea, wengine wakaanza kuhamia kituo kidogo cha Newsmax kilichokuwa kikiwapa walichotaka kusikia. Mapema mwaka uliofuata, baadhi ya waliohusika na utabiri ule hawakuwa tena kazini.

Wakati huohuo, wageni wa Trump walikuwa wakikaribishwa kwenye vipindi vya Fox kudai kwamba mashine za kupigia kura za kampuni ya Dominion ziliiba kura. Hapakuwa na ushahidi. Dominion ikaenda kortini mwaka wa 2021, ikadai dola bilioni 1.6 kwa kuharibiwa jina.

Kesi ndiyo ilifungua mlango wa jikoni. Korti ilipolazimisha Fox kutoa jumbe za simu na barua pepe za ndani, ilibainika kwamba watangazaji maarufu, Tucker Carlson, Sean Hannity na Laura Ingraham, walikuwa wakiambiana faraghani kwamba wanaoeneza madai yale ni waongo au wamechanganyikiwa. Kwenye skrini, kituo chao kiliendelea kuwapa maikrofoni. Ripota mmoja wa Fox alipoandika mtandaoni kwamba madai ya Trump hayana msingi, Carlson alitaka afutwe kazi. Sababu aliyotoa ilikuwa kwamba anaumiza kampuni, na bei ya hisa inashuka. Hakusema ripota amekosea.

Soma hapo tena. Walijua ukweli. Walikuwa nao mfukoni, kwenye simu zao. Waliogopa tu kuusema kwa wateja.

Murdoch mwenyewe alihojiwa chini ya kiapo. Aliulizwa kuhusu Mike Lindell, mwenye kampuni ya mito ya kulalia, mtangazaji mkubwa wa biashara kwenye Fox ambaye pia alikuwa akieneza hadithi za kura kuibwa. Kwa nini aliendelea kupewa nafasi? Murdoch alikubali kwamba suala hapo halikuwa nyekundu wala buluu. Lilikuwa kijani. Kijani, yaani rangi ya noti ya dola. (Sisi kijani chetu tunakijua pia, huwa kinakuja na ujumbe wa M-Pesa.)

Aprili 18, 2023, Fox ikakubali kulipa zile dola milioni 787.5 ili kesi isisikilizwe. Siku sita baadaye Carlson akaonyeshwa mlango.

Hapa shabiki wa buluu huwa anacheka. Asicheke sana. Mwaka wa 2003, wiki chache kabla ya Marekani kuivamia Iraq, MSNBC ilimwondoa Phil Donahue hewani. Donahue alikuwa akileta wageni waliopinga vita, na kipindi chake ndicho kilichokuwa na watazamaji wengi zaidi pale kituoni. Baadaye ikavuja ripoti ya ndani iliyoonya kwamba mtu kama yeye angekuwa sura ngumu kwa NBC wakati wa vita, washindani wakiwa wanapeperusha bendera. Kwa maneno ya mtaani: vita vinakuja, kila mtu anauza uzalendo, wewe unatuharibia soko.

CNN nayo? Mwaka wa 2022 ilipoingia mikononi mwa Warner Bros. Discovery, mmoja wa wenye hisa wakubwa, bilionea John Malone, alikuwa tayari amesema hadharani kwamba angependa irudi kwenye uanahabari ilioanza nao. Miezi michache baadaye, kipindi cha Brian Stelter kilichokuwa kikichambua vyombo vya habari, na kuigonga Fox mara kwa mara, kikafungwa. Malone alisema hakuhusika na uamuzi huo. Inawezekana kabisa. Lakini ndivyo umiliki unavyofanya kazi siku nyingi: mdosi hahitaji kupiga simu. Anasema anachopenda mara moja, mbele ya watu, na walio chini yake wanajipanga wenyewe.

Labda unauliza, haya yote yananihusu nini mimi niko Umoja au Nyali? Yanakuhusu kuanzia kwenye king'amuzi. DStv na GOtv ni za MultiChoice, na mwaka wa 2025 MultiChoice ilinunuliwa na Canal+ ya Ufaransa. Mwenyehisa mkubwa zaidi wa Canal+ ni kundi la bilionea Vincent Bolloré. Kwao Ufaransa, Canal+ ina kituo cha habari kinachoitwa CNews. Zamani kilikuwa i-Télé. Mwaka wa 2016 wanahabari wake waligoma kwa mwezi mzima wakidai uhuru wa uhariri. Walishindwa, na wengi wao wakaondoka. Kituo kikabadilishwa jina, kikageukia mijadala ya kelele, na leo wakosoaji wanakiita Fox News ya Ufaransa. Mwaka wa 2021 kilipigwa faini ya yuro 200,000 kwa sababu ya maneno ya Éric Zemmour dhidi ya watoto wahamiaji.

Sisemi Bolloré amekuja kukuchagulia habari Nairobi. Nasema tu kwamba furushi unalolipia kila mwezi lina mwenyewe, na mwenyewe ana historia. Ni vizuri ujue.

Halafu tuje nyumbani kabisa, kwa maana kikulacho ki nguoni mwako. Citizen ni ya Royal Media, kampuni ya S.K. Macharia, ambaye mwaka wa 2022 hakuficha kwamba alikuwa upande wa Raila Odinga. K24 imo kwenye Mediamax, inayohusishwa na familia ya Kenyatta. KTN ni ya kampuni ya Standard, ambayo kwa miaka mingi imehusishwa na familia ya Moi. NTV ilizaliwa kwenye kampuni iliyoanzishwa na Aga Khan. KBC ni ya serikali. Hesabu familia za marais hapo, kisha uniambie kama kura yako haijawahi kupitia sebuleni kwao.

Lakini tofauti yetu na Wamarekani ni hii: kwao kijani kinatoka zaidi kwa mtazamaji, kwetu kinatoka kwa wanaonunua matangazo, na serikali ni mmoja wa wanunuzi wakubwa. Ndiyo maana fimbo yake inauma. Juni 2023, baada ya ripoti ya uagizaji wa mafuta ya kupikia, Moses Kuria, akiwa Waziri wa Biashara, alionya hadharani kwamba idara ya serikali itakayopeleka matangazo Nation Media Group itaona cha mtema kuni. Machi 2024 likatoka agizo kwamba matangazo ya serikali ya redio na runinga yapelekwe KBC. Hakuna aliyehitaji kumpigia mhariri yeyote simu. Mkono mtupu haulambwi, na kila mhasibu wa kila kituo aliisoma barua ile.

Fimbo ikishindwa, kuna swichi. Januari 30, 2018, Raila alipojiapisha Uhuru Park, mitambo ya Citizen, NTV na KTN ilizimwa, na hata baada ya Mahakama Kuu kuamuru iwashwe, ilikaa siku kadhaa gizani. Juni 25, 2025, tulipokuwa tukiwakumbuka wenzetu waliouawa mwaka mmoja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na matangazo ya baadhi yao yakakatwa hadi Mahakama Kuu iliposimamisha agizo hilo.

Kuzimwa kunaonekana. Skrini ikiwa nyeusi, hata nyanya kijijini anajua kuna jambo. Ninachoogopa zaidi ni kile ambacho hakionekani: habari ambayo haikuandikwa, swali ambalo halikuulizwa, mgeni ambaye hakualikwa tena. Donahue hakuzimwa na polisi. Aliondolewa kwa barua ya ofisini.

Kumbuka Agosti 2022. Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 zilikuwa kwenye tovuti ya IEBC, mtu yeyote mwenye bando angeweza kuzipakua. Vituo vikaanza kuhesabu vyenyewe. Saa ileile, kimoja kinamweka Raila mbele, kingine kinamweka William Ruto. Tofauti hiyo peke yake si ushahidi wa njama: ukianza na fomu za Kisumu na mwenzako aanze na za Eldoret, lazima mtofautiane. Kilichouma ni kwamba kazi ile ilipungua kasi, kisha ikasimama kabla ya mwisho, na nchi nzima ikabaki ikitazama nambari zilizoganda. Fomu zilikuwepo, kompyuta zilikuwepo, vijana wa kuingiza nambari walikuwepo. Walipoacha, tuliachwa na uvumi, na uvumi hauna mhariri.

Najua jibu la wengi wetu: runinga ni za wazee, sisi tuko TikTok na X. Sawa, lakini usijidanganye kwamba umetoka kwenye nyumba ya mtu na kuingia uwanjani. X ni ya Elon Musk, ambaye mwaka wa 2024 alimpigia Trump kampeni waziwazi na kumwaga mamilioni ya dola. Facebook, Instagram na WhatsApp ni za kampuni moja. Nako mashine inapima kitu kilekile Fox ilichokuwa ikipima: nini kitakufanya usiondoke. Mtu aliyekasirika haondoki. Kwa hivyo utapewa cha kukukasirisha, na utaita hiyo taarifa.

Kuna jibu jingine ambalo ni baya zaidi: wote ni waongo, wachana nao. Hilo ndilo jibu wenye pesa wanalopenda kuliko yote. Mtu asiyeamini chochote haulizi chochote. Na si kweli kwamba wote ni waongo. Lile dawati la Arizona lilisema ukweli ndani ya Fox yenyewe. Ripota yule aliandika ukweli akijua wadosi wanasoma. Hapa kwetu, mwaka wa 2018, Linus Kaikai, akiwa mwenyekiti wa Chama cha Wahariri, alitoa taarifa kwamba wakuu wa vyombo vya habari waliitwa Ikulu na kuonywa, kisha yeye na wenzake wa NTV wakalala ofisini wakihofia kukamatwa. Ndani ya kila kituo kuna mwenye hisa na kuna mwanahabari, na kila jioni kunavutwa kamba. Mtazamaji ndiye uzito wa tatu kwenye kamba hiyo, kama hatalala.

Kutolala kunaanza na mambo madogo. Kabla hujasambaza klipu, jua kituo ni cha nani na mwenyewe ana biashara gani nyingine. Kila jambo kubwa likitokea, fungua vituo viwili vyenye wenyewe tofauti, kisha usitafute walichosema tofauti. Tafuta ambacho kimoja kimenyamazia. Palipo kimya mara nyingi ndipo palipo na pesa. Kama kuna kazi ya uandishi unayoiheshimu, iwe gazeti, iwe kituo cha mtaani, iwe mtu na kamera yake, ilipe hata shilingi hamsini. Kazi ambayo haijalipwa na wewe italipwa na mtu mwingine, na si bure. Na shabiki, ukiambiwa bao la timu yako lilikuwa la kuotea, tazama marudio kabla ya kuhama kituo. Fox iliogopa watazamaji wake kwa sababu watazamaji walionyesha kwamba wataadhibu ukweli. Tukiadhibu ukweli, tutauziwa uongo, na ankara italetwa kwetu.

Na kabla hujaniuliza: ndiyo, hata ukurasa huu unaousoma una mwenyewe. Gazeti hili lina wenye hisa, lina idara ya matangazo, lina watu wa kuwaogopa kama wengine. Nisome na mimi kwa jicho hilohilo. Angalia nilichotaja, na uangalie zaidi nilichoruka.

Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Fomu zitakuwa mtandaoni tena, stesheni zitahesabu tena, na kila mmoja wa watu wazito waliotajwa hapo juu ana jambo la kupata au kupoteza usiku ule. Safari hii tusingoje kuambiwa. Vijana waliosoma Mswada wa Fedha wa 2024 kifungu kwa kifungu na kuutafsiri hadi kwa lugha za mama hawawezi kushindwa kujumlisha fomu za wadi yao. Runinga iwashe, isikilize. Lakini kalamu na kikokotoo viwe mkononi mwako.